Fangasi wa kandida kwenye ngozi: dalili, tiba na namna ya kuwazuia

Fangasi wanaoshambulia ngozi si wa jamii moja. Wapo wanaoleta mapunye kichwani na miduara yenye kingo zilizoinuka mwilini, na wapo wa jamii ya hamira, ambao kila mmoja ni chembe moja inayozaliana kwa kuchipua. Katika hao wa hamira, anayesumbua zaidi mikunjo ya ngozi ni kandida, hasa *Candida albicans*. Watu wengi wenye afya njema wanaishi naye mdomoni, tumboni au ukeni bila hata kujua. Shida huanza anapopata joto, unyevu na ngozi iliyochubuka, au kinga ya mwili inapolegea.

Kwa hiyo mtafute kwapani, chini ya matiti, kwenye kinena, chini ya tumbo lililokunjana na katikati ya vidole. Kwa mtoto mchanga hupenda sehemu inayofunikwa na nepi.

Ngozi iliyoshambuliwa huwa nyekundu, ina majimaji, inawasha na kuchoma, na pengine huwa na utando mweupe au mpasuko ndani kabisa ya mkunjo. Kwa mwenye ngozi nyeusi usitegemee wekundu: mara nyingi eneo hilo huonekana jeusi zaidi au la zambarau. Dalili inayosaidia zaidi kuliko zote iko pembeni. Angalia nje kidogo ya mpaka wa eneo lililoathirika. Ukiona vipele vidogo vilivyotawanyika, vingine vyenye usaha kidogo, na vilivyopasuka vimeacha viduara vya ngozi inayobanduka, mshuku kandida. Kwa mtoto, vipele hivyo huambatana na wekundu unaoingia mpaka ndani ya mikunjo ya mapaja. Michubuko ya kawaida ya mkojo na kinyesi huwa juu juu, kwenye sehemu zinazogusana na nepi, na mikunjo husalimika. Pakiwa na shaka, mhudumu wa afya hukwangua ngozi kidogo na kuipima kwa hadubini.

Dawa za kupaka kama klotrimazoli, mikonazoli na nistatini kwa kawaida zinatosha. Hupakwa kidogo, mara nyingi asubuhi na jioni, kwa wiki mbili hadi nne, na zivuke kidogo mpaka wa upele. Wengi huacha mara tu muwasho unapokwisha, na hapo fangasi waliobaki huanza upya. Jambo jingine ni kwamba si kila dawa ya fangasi hufaa kwa kila fangasi: nistatini humuweza kandida lakini haitibu mapunye, na vidonge vya griseofulvini, vinavyotibu mapunye, havimfanyi kandida lolote. Ugonjwa ukienea au ukigoma, daktari anaweza kuandika vidonge vya flukonazoli.

La kuogopa hasa ni krimu kali za steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli, ambazo watu hujipaka bila kuandikiwa. Muwasho hupoa ndani ya siku chache, mtu akadhani amepona, kumbe fangasi wanaendelea kustawi huku ngozi ya mkunjo ikizidi kuwa nyembamba na kupata michirizi isiyofutika.

Hata dawa sahihi haifui dafu ikiwa mkunjo unabaki na maji. Baada ya kuoga, kausha kwa kugandamiza taulo taratibu bila kusugua, kisha acha hewa ipite kabla ya kuvaa. Usipake mafuta mazito mikunjoni. Badilisha nguo zilizolowa jasho, na kama matiti au tumbo hukunjana sana, weka kitambaa safi cha pamba katikati. Nepi ibadilishwe mara tu inapochafuka, na mtoto akae bila nepi kwa muda kila siku.

Anayerudiwa mara kwa mara apimwe sukari, kwani kisukari kisichodhibitiwa humlisha kandida. Amweleze daktari pia kama ametumia antibiotiki au vidonge vya steroidi siku za karibuni, na kama hajui hali yake ya VVU, apime. Asiyepaswa kusubiri krimu ifanye kazi ni mwenye homa, maumivu makali au wekundu unaosambaa kwa kasi: hapo huenda bakteria wameingia, na anahitaji kuonwa siku hiyo hiyo.