Huhitaji saa nzima kumsomea mtoto

Wazazi wengi huahirisha kumsomea mtoto wakingoja siku watakayopata saa nzima yenye utulivu: kazi zimekwisha, simu imezimwa, nyumba imenyamaza. Siku hiyo haiji. Kinachowakwamisha mara nyingi si uvivu, ni kuamini kwamba dakika 10 hazisaidii kitu.

Zinasaidia sana. Kitabu cha picha cha mtoto mdogo huisha kwa dakika chache tu. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani walihesabu maneno yaliyomo katika vitabu vya aina hiyo, kisha wakakadiria kwamba mtoto anayesomewa kitabu kimoja kila siku hutimiza miaka 5 akiwa amesikia maneno takriban 290,000 zaidi ya yule ambaye karibu hasomewi kabisa. Kitabu kimoja kwa siku, si maktaba.

Tena maneno ya vitabuni si yale ya "vaa viatu" na "njoo ule". Mazungumzo ya nyumbani hujirudia. Kitabu humletea mtoto nyangumi, mfalme, jangwa na wivu, mambo ambayo huenda yasitajwe mezani mwezi mzima.

Wakati wenyewe ufunge kwenye jambo ambalo lazima lifanyike: baada ya kuoga, kabla ya taa kuzimwa, mkiwa kwenye foleni. Akidai kitabu kilekile kwa mara ya ishirini, msomee (najua, kinachosha). Kule kurudia ndiko kunakomkalishia maneno kichwani. Akikukatiza kwa maswali, mjibu. Hata msipofika ukurasa wa tatu, mmesoma.