Dodoso halimjui mbu

Nimeombwa tena "asilimia ya waathirika wa mafuriko wenye sonona" iwekwe kwenye andiko la kuombea fedha. Mwombaji alishaikokotoa mwenyewe: kachukua kila aliyefikisha alama 10 za PHQ-9, dodoso la sonona la maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, kagawanya kwa waliohojiwa, kamaliza. Jamani!

Alama 10 ni chujio. Inaonyesha nani aitwe akae na mtaalamu, basi. Tuchukue watu 1,000, tuseme 100 kati yao wana sonona kweli. Dodoso linalopatia kwa asilimia 85, kwa wagonjwa na kwa wazima, litanasa wagonjwa 85 na wazima 135. Kwenye ripoti wanasomeka 220, na zaidi ya nusu yao hawaumwi.

Na hiyo ni hali ya kawaida, kabla maji hayajaingia ndani. Mfikirie mama wa bonde la Rufiji baada ya mafuriko ya Aprili 2024, analala darasani na kaya nyingine kadhaa. Dodoso linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Usingizi? Hapati karibu kila siku, mbu na vilio vya watoto: alama 3. Uchovu? 3. Hamu ya kula? Chakula chenyewe cha kugawiwa, tena kile kile: 2. Kutulia kwenye jambo moja? Anawaza mbegu atapata wapi: 2. Kashafika 10, na swali la huzuni hatujalihesabu.

Wapo wanaosema tufute maswali ya mwili. Sikubali. Vijijini wengi huzuni yao huanza kuisimulia mwilini: moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto, viungo vimelegea. Ukiyafuta hayo unawapoteza wanaoumwa hasa. Mimi huongeza swali: nini kinakuamsha? Anayeamshwa na mbu, na yule mwenye chandarua na godoro lakini saa tisa usiku macho makavu, wote wana alama 3, ila si watu wa aina moja. Hilo swali langu halijapimwa na yeyote, na sijui niligeuzeje kuwa namba. Bado naliuliza.

Halafu kuna wa upande wa pili: "Warufiji wameyazoea maji." Wameyazoea yale yanayopanda na kushuka, yakiacha unyevu wa kulima mlau, kilimo cha baada ya maji kushuka. Yanayosomba nyumba na mahindi shambani ni habari nyingine.

Sampuli na ridhaa mnazijua, sirudii. Ila kishkwambi kikitokea kijijini, watu wanajua orodha ya msaada imefika. Kama "ndiyo" inaweza kuleta bati, hata mimi ningejibu ndiyo. Kuna wanaume nao hujibu "hapana" toka swali la kwanza hadi la mwisho, mwenyekiti wa kitongoji akiwa kasimama pembeni. Makosa haya mawili hayafutani, ingawa nimeshasikia mtu mzima akidai hivyo kikaoni.

Swali la tisa, la kuwaza heri ufe, usimruhusu mdadisi aliulize kama hujajua siku hiyo hiyo nani atampeleka mhojiwa kwa nani, na nauli inatoka wapi. Kuna aliyeniambia atalikwepa kwa kuhamia SRQ-20, dodoso jingine la afya ya akili, la maswali 20. Nayo ina swali hilo hilo.