Piriton ya bibi

Jana tena. Mama mmoja katoka Tukuyu, kasimama kwenye dirisha langu la dawa hapa Mwanjelwa, Mbeya, khanga imelowa mvua. "Dokta, naomba Piriton za bibi, usiku halali kabisa. Na hizi donepezili zako za ugonjwa wa kusahau zichukue, mwezi mzima kameza na bado ananiita jina la shangazi."

Donepezili hairudishi kumbukumbu, mama. Ipo tangu 1996 na haijamrudishia mtu. Seli zilizokufa zimekufa. Kwenye Alzheimer, ndio huo ugonjwa wa kusahau, ubongo unapungukiwa asetilkolini, kemikali ambayo seli zake hutumia kupeana ujumbe. Donepezili inakizuia kimeng'enya kinachoivunja, ili hiyo kidogo iliyobaki ikae muda zaidi. Dawa nyingine kama rivastigmini na galantamini ni vivyo hivyo.

Sasa Piriton. Inamlaza bibi, ndiyo, lakini pia inaziba vipokezi vya asetilkolini, ile milango inayopokea ujumbe wake. Yaani unamlipia donepezili ili asetilkolini iongezeke, halafu unamnunulia kidonge cha bei ya pipi kinachoifungia mlango. Ikishindikana, lawama anabeba donepezili! Na Piriton haiko peke yake. Kuna vidonge vya mafua, ambavyo baridi ya Julai ikibana huku kwetu kila nyumba inavyo. Kuna prometazini ya mzio na kichefuchefu, kuna amitriptilini aliyoandikiwa kwa miguu kuwaka moto, kuna zile za mkojo usiozuilika. Kila moja iliandikwa na mtu wake, kwa sababu yake nzuri. Zikikutana kwenye kichwa cha miaka 80, bibi anaamka saa nane za usiku kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani, nyumba nzima inasema ugonjwa umepanda, na anaongezewa Piriton.

"Mbona hata watoto wanapewa?" Wanapewa. Mtoto asetilkolini anayo ya kumwaga.

Sindano mpya za Alzheimer mnazonitumia WhatsApp: lekanemabu ilipata kibali kamili Marekani 2023. Inaondoa amiloidi kweli, ile protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa, lakini ni ya walio mwanzoni mwa ugonjwa, inataka MRI za mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu, na baada ya miezi 18 tofauti na waliochomwa maji matupu ilikuwa alama 0.45 kwenye kipimo cha ukali wa ugonjwa chenye alama 18. Piga hesabu mwenyewe.

Nami nina langu la kuungama. Kuna wazee waliochangamka mikononi mwangu, na siwezi kuapa kama ni donepezili iliyofanya kazi au ni Piriton iliyoondoka. Nikisukumwa, naegemea Piriton. Faida ya donepezili ni ndogo, wengine hawaioni kabisa, na mwenye mapigo ya moyo ya polepole inaweza kumwangusha jikoni.

Mama nilimwambia asikate chochote ghafla, hasa amitriptilini, aje kwanza na mfuko wote, hadi vya chini ya godoro. Leo asubuhi karudi. Tumehesabu aina tisa, na Piriton ilikuwemo mara mbili, moja kwa jina lake na nyingine ndani ya dawa ya mafua.