Hewa Baridi Si Hewa Safi: Tunayoyakosea Kuhusu Joto na Hewa Ndani ya Nyumba

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam au Mombasa nyumba yake ina tatizo gani, atakujibu joto. Wa Makete, Njombe au Limuru atakujibu baridi. Hewa haitajwi. Mtu akishapata ubaridi wa kiyoyozi au ujoto wa jiko, anahesabu kwamba na hewa amepata humo humo. Makosa mengi ya nyumba zetu yanaanzia hapo, kwa sababu joto ni jambo moja na hewa ni jambo jingine, na dawa ya hili mara nyingi haitibu lile.

"Mkaa ukishashika na moshi ukaisha, jiko halina madhara"

Naanza na hili kwa sababu linaua. Baridi ya Juni na Julai ikishashuka nyanda za juu, hurudi habari ya watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Na utasikia majirani wakisema jiko lilikuwa limeshakolea, halikuwa na moshi hata kidogo.

Moshi ndio hasa unaotuokoa, kwa kuwa unawasha macho, unakohoza, unamtoa mtu nje akitaka asitake. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Gesi hii hung'ang'ania himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka kama kawaida, ila imebeba mzigo usiofaa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hazisikii. Aliye macho anaweza kudhani ni malaria inamnyemelea, akajifunika blanketi vizuri zaidi.

Kuna wanaojitetea kwamba huacha mlango wazi kidogo. Upenyo wa vidole viwili si kipimo cha kuwekea roho yako dhamana. Oteni moto jikoni au uani, na jiko lisivuke kizingiti cha chumba cha kulala, hata likiwa limefunikwa majivu, kwa maana makaa yaliyo chini ya majivu bado yanaungua.

Na maziwa je? Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba maziwa hukata kila sumu. Hii haiko tumboni, iko kwenye damu, na maziwa hayaifikii. Mtoe mgonjwa kwenye hewa ya wazi mara moja, umkimbize hospitali akapewe oksijeni. Kumnywesha mtu aliyelegea ni kumtafutia kupaliwa.

"Dirisha wazi linaleta kichomi"

Bibi zetu walitufungia madirisha kwa upendo. Kichomi, yaani nimonia, huletwa na bakteria na virusi, na vijidudu hivyo huhama kwa urahisi zaidi pale watu wengi wanapovuta hewa ile ile usiku kucha. Kwa mtoto mdogo, moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba ni wa kuogopwa kuliko upepo. Shirika la Afya Duniani linasema moshi huo unakaribia kuongeza maradufu hatari ya magonjwa ya mapafu kwa watoto, na kwamba uchafuzi wa hewa majumbani ulihusika na vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kwa hiyo mama anayefunga dirisha la jikoni ili mtoto mgongoni asipigwe na upepo anamlinda na adui mdogo na kumwachia mkubwa.

Kifua kikuu nacho husafiri hewani. Huko Lima, Peru, watafiti walipima hewa kwenye wodi za hospitali na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Madirisha na milango ikifunguliwa yote, hewa ya chumba ilibadilika upya mara 28 kwa saa kwa kipimo cha kati, wakati vyumba vya kisasa vyenye mashine za kupitisha hewa vilikadiriwa kupata mara 12. Majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yaliyapita mapya. Sisemi mtu wa Makete alale dirisha wazi Julai. Nasema akishaamka, jua likitoka, nyumba ifunguliwe pande mbili kwa dakika kumi, hewa ya usiku itoke. Hewa hupoa na kupata joto haraka. Kuta na vitanda huhifadhi joto lake, na nyumba hujirudi.

"Ziba kila tundu, nyumba itapata joto"

Kuna nyumba nyingi za Nairobi zenye vitundu vya kudumu juu ya dirisha, vimesokomezwa magazeti na matambara tangu baridi ya mwaka juzi. Mwenye nyumba hiyo hiyo ana mlango ambao panya anapita chini yake bila kuinama. Ameziba pasipofaa kuzibwa, ameacha panapofaa.

Hewa ya joto hupanda. Nyumba isiyo na dari huipotezea kwenye mtambaapanya, pale ukuta unapokutana na kenchi, na inapotoka juu, hewa ya baridi hunyonywa ndani kupitia chini ya mlango. Ndiyo maana miguu hupata baridi kuliko kichwa. Anza na dari. Kisha ziba nyufa zilizobaki kati ya fremu na ukuta, weka mpira au ubao chini ya mlango, tundika pazia zito. Vitundu vya juu ya dirisha viache. Mpenyo wa mlangoni hupuliza kama upepo unavyotaka, si kama unavyotaka wewe. Tundu la hewa liliwekwa kwa makusudi, juu ya vichwa vya waliolala, kwa kiasi kidogo.

Ukiviziba nyumba hukujibu kwa maji. Mtu mmoja aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho kama theluthi ya lita usiku mmoja, wakati mwingine zaidi. Zidisha kwa watoto watatu chumba kimoja. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake kuelekea angani hadi likawa baridi kuliko hewa iliyolizunguka, na mvuke ule hugandamana upande wa chini ukaanza kudondoka. Watu humwita fundi aje kuziba paa linalovuja, naye hupanda na makopo ya lami wakati mvua haijanyesha wiki tatu. Bati halivuji. Linarudisha pumzi zenu.

Joto la Pwani haliingii dirishani

Haliingii sana, niseme. Nimeishi chumba cha bati tupu, na saa tisa mchana ningeweza kukuonyesha kwa kiganja joto linatoka wapi: unyoshe mkono juu, uinamishe chini, tofauti unaisikia. Bati lililopigwa na jua tangu asubuhi huangaza joto kuelekea chini kama kaa kubwa lililoning'inizwa juu ya kitanda. Pazia nene dirishani halilizuii, linazuia upepo tu.

Dari husaidia, lakini dari ya jipsamu peke yake, bila njia ya hewa juu yake, hufuga joto kati ya bodi na bati, na joto hilo hushuka usiku mnapotaka kulala. Weka matundu yenye wavu kwenye upenu na mengine juu kwenye ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa, hewa ya darini ipate kuingia na kutoka. Rangi nyeupe juu ya bati kuukuu lililopauka kwa kutu nayo hupunguza joto kwa gharama ndogo, na nashangaa tunavyoendelea kupenda mabati ya kahawia iliyokolea na kijani kibichi katika miji ya jua kali.

Kuhusu ile karatasi ya alumini inayong'aa: fundi akiilaza uso wake unaong'aa ukagusana na bodi au na bati, umenunua urembo. Alumini ni kipitisho kizuri cha joto, kama sufuria inavyojua. Kazi yake ni kukataa kuangaza joto, na kazi hiyo inahitaji nafasi ya hewa mbele ya uso unaong'aa, angalau sentimita mbili na nusu. Uso huo ukielekezwa chini unakuwa bora zaidi, kwa sababu ukielekezwa juu hushika vumbi na mng'ao unakufa.

Wapo wanaosema sufi ya kioo na magodoro ya darini ni mambo ya Ulaya, ya watu wa theluji, huku kwetu yatatupika. Nenda jikoni uangalie chupa ya chai. Asubuhi mnaweka chai, mchana mnaweka maji ya barafu, nayo haijali. Kizuia joto hupunguza kasi ya joto kupita, liwe linatoka au linaingia.

"Kiyoyozi kinaleta hewa safi"

Hapana. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huvuta hewa ya chumbani, huipoza, hukausha sehemu ya unyevu wake, huirudisha chumbani. Mabomba yanayotoka nje yanabeba gesi ya kupozea na maji yanayodondoka. Hewa haipiti humo. Watu wanne wakijifungia na kiyoyozi usiku kucha, asubuhi wanavuta hewa yao wenyewe iliyopozwa. Vichwa vizito vya asubuhi tunavyovisingizia "baridi ya AC" wakati mwingine vinatokana na hilo. Fungua kabla ya kuwasha, na ufungue tena ukiamka.

Kukiweka nyuzi 16 hakukifanyi kipoze haraka kuliko nyuzi 25, kwani kiyoyozi cha kawaida hufanya kazi ile ile hadi kifike ulipokiagiza. Tofauti utaikuta kwenye luku ya umeme. Na kwenye nyumba za zamani zenye madirisha ya luva, kiyoyozi ni kujaza maji kwenye tenga. Huko panga boi, yaani feni ya darini, linatosha, mradi ujue kwamba feni haipozi chumba. Inakausha jasho lako, na chumba kisicho na mtu hakina jasho, kwa hiyo zima ukitoka. Hewa ikizidi nyuzi 40 hata hiyo hugeuka, feni ikaanza kukupulizia joto.

Dirisha la kisasa

Dirisha la aluminiamu la kusukuma ni zuri kwa macho na halipitishi vumbi. Ila hufunguka nusu tu, maana kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Ukinunua la mita moja na nusu, umenunua upepo wa sentimita 75. Luva tunayoicheka hufunguka karibu yote.

Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja hawakuwa na umeme. Walikuwa na kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa kama nusu mita, vyumba vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazikufika mbali, dari za juu, uwanja wa ndani ulio wazi, na vichochoro vinavyotiana kivuli. Leo tunaweka dirisha moja ukuta mmoja tukingoja upepo. Upepo unaingia tu pale ulipo na pa kutokea. Kaskazi na kusi zinajulikana miezi yake na zinakotoka tangu enzi za majahazi, na fundi anayechora dirisha bila kuziuliza anamchorea mteja bili ya umeme.

Nyumba hizo hizo za chokaa zinatufundisha kosa jingine. Ukuta ukianza ukungu na kumenyuka, tunaupiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta "maji yasitoke tena". Chokaa hupitisha unyevu ukakauka nje. Saruji huufungia ndani, ukapanda juu zaidi na kuula ukuta kimyakimya. Kabla ya kumwita mpaka rangi, bandika kipande cha nailoni ukutani, kizibwe pembe zote kwa gundi, ukiache siku mbili. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ukutani au ardhini. Yakiwa mbele, unatoka kwenu, kwenye pumzi, kuoga, na nguo zinazoanikwa sebuleni, na dawa yake ni hewa.

"Nikifungua nitaingiza mbu"

Hofu hii ni ya haki. Mbu wa malaria, hasa Anopheles gambiae, hupendelea kuingia kupitia uwazi wa upenu, juu ya ukuta, ambapo tunamwachia mlango huku tukimfungia dirisha. Lakini kuuziba uwazi huo kwa tofali na udongo chini ya bati huigeuza nyumba tanuri, na mwenye joto hatalala chini ya chandarua. Kwenye kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba sita za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa na wavu, baadhi zikiwa na vyumba vya kulala ghorofani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Mbu walioingia walikuwa wachache kuliko kwenye nyumba za kawaida za kijijini, na ndani kulikuwa baridi zaidi.

Kwa hiyo upenu uwekwe wavu, usizibwe. Wavu nao una gharama yake, hupunguza upepo hata ukiwa mpya, na ukishajaa vumbi la barabarani na mafuta ya jikoni hubaki kama kitambaa. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba isiyo na upepo, mwenyewe ameshaandaa pesa za kiyoyozi cha pili. Tulibandua wavu wa sebuleni, tukausugua uani kwa brashi na sabuni ya unga. Maji ya beseni la kwanza yalitoka meusi.