Janjira sio Raigad, tuelewane kabla hamjapanda basi

Toka UNESCO iingize ngome 12 za Wamaratha, watu wa magharibi mwa India, kwenye urithi wa dunia Julai 2025 maswali yamekuwa mengi, eti ngome ya Janjira nayo imo, eti ndiyo hiyohiyo Raigad, hasa toka kwa vijana wetu wanaosoma Pune na Mumbai, na mengi kwa kweli ramani tu ingeyajibu. Kitengo chetu cha elimu kinaomba msome hii kwanza.

Raigad ni jina la wilaya na pia jina la ngome. Wilaya (zamani Kolaba, jina likabadilishwa 1981) iko kusini ya Mumbai, imebanwa kati ya milima ya Sahyadri na Bahari ya Arabu, makao makuu Alibag. Ngome ya Raigad iko mlimani upande wa Mahad, ndiko alikotawazwa Shivaji, mfalme wa Wamaratha, 1674, na hiyo imo UNESCO. Ngome ya Janjira iko baharini mbele ya mji wa Murud, wilaya hiihii, na haimo. Haimo jamani. Ya baharini iliyomo kwa wilaya hii ni Khanderi, nyingine kabisa. Ukishuka Mahad ukauliza boti ya Janjira utachekwa.

Tena Janjira Wamaratha hawakuwahi kuiteka. Walioishika ni Masidi, watu wenye asili ya Afrika, Wahabeshi wengi, walioletwa India kama watumwa na askari, wengine mabaharia, wakaishia kuwa manawabu, yaani watawala. Shivaji alijaribu ikashindikana, akajenga ngome ya Padmadurg kwenye mwamba wa jirani, na mwanawe Sambhaji 1682 akaanza mpaka kumwaga mawe baharini apate njia ya kupita, wapi! Masidi walikaa hadi 1948 dola yao ilipoingizwa India. Hata hifadhi ya wanyama ya Phansad pale juu ilikuwa msitu wa nawabu wa kuwindia.

Kufika ni kwa mashua za tanga toka Rajapuri. Msimu wa mvua za kusi, kuanzia Juni, ngome inafungwa, na wanaolalamika eti wamezuiwa bila sababu wangeona mashua inavyorushwa pale mlangoni hata siku ya kawaida, abiria anasubiri wimbi linyanyue ndio aruke kwenye ngazi zenye utelezi. Hapo mlangoni kuna mnyama amechongwa kama simba, tembo wamo kwenye makucha yake. Ndani kuna mabwawa ya maji matamu, chumvi pande zote, na mzinga mkubwa wa Kalal Bangdi ambao sio wa kupanda kupigia selfi.

Sasa adhabu. Sheria ya mambo ya kale ya India ya 1958, kifungu cha 30, inasema ukiharibu, ukichafua au ukikwaruza jengo la kale linalolindwa ni kifungo mpaka miaka 2, au faini mpaka rupia 100,000, au vyote viwili. Kabla ya marekebisho ya 2010 ilikuwa miezi 3 na rupia 5,000, hayo ndiyo mnayoyasikia vijiweni, yamepitwa. Kuandika jina la mpenzi ukutani ni kukwaruza. Kuondoka na jiwe lenye nakshi kwenye begi, adhabu ni hiyohiyo, usiseme uliliokota chini.

Khanderi iko chini ya serikali ya jimbo, sio ya taifa, kwa hiyo kifungu hiki msikipeleke kule, utaratibu wake nitauandika siku nyingine.