Je, wajua kwa nini kamera ya mfukoni yenye zumu ndefu hushindwa na giza?

Mpiga picha wa Kigoma anayeishi kwa kazi za harusi, mahafali na mikutano huwa na kamera moja kubwa anayoiamini, pamoja na lenzi mbili au tatu zinazojaza begi la mgongoni. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 inayopitisha mwanga mwingi ina uzito wa takribani kilo moja na nusu kabla haijafungwa kwenye kamera, na anayeshinda nayo kutwa nzima kati ya maeneo ya Mwanga na Ujiji hurudi nyumbani bega likimuuma. Ndiyo maana wengi hufika mahali wakatafuta kamera ndogo ya kutia mfukoni, si kwa nia ya kuitupa ile kubwa, bali kuipatia mwenza. Dukani hukutana na kamera mbili zinazolingana kwa umbo na uzito, moja ikiwa imeandikwa kwamba huvuta mara 30 na nyingine mara tatu tu, na aghalabu huchukua ile ya mara 30. Jioni ya kwanza, jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, picha zake hujaa chenga.

Sababu iko kwenye sensa, yaani kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Katika kamera za fremu kamili, sensa ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, ambalo ni eneo la milimita za mraba 864. Katika kamera nyingi za mfukoni zenye zumu ndefu, sensa ina takribani milimita 6.2 kwa 4.6, eneo lisilofika milimita za mraba 29, yaani dogo kuliko ile ya kwanza kwa takribani mara 30. Weka sinia la pilau na kikombe cha kahawa uani mvua inapoanza kunyesha. Mvua ni moja, lakini sinia litakusanya maji mengi na kikombe kitapata matone ya kuhesabika. Mwanga nao hufika kwa matone, tena bila mpangilio: penye matone mengi tofauti ndogo hazionekani, na penye matone machache nukta moja ya picha hupata matano na jirani yake mawili, ingawa zote zinaonyesha shavu lilelile la bibi harusi. Kutolingana huko ndiko tunakokuita chenga, na kuongeza megapikseli hakukuondoi, kwa kuwa ni kuligawa tone lilelile kwa vikombe vingi zaidi.

Kwa nini basi mtengenezaji asiweke sensa kubwa pamoja na zumu ndefu katika kamera ya mfukoni? Kwa sababu umbali ambao lenzi huvuta hautokani na urefu wake (zile milimita zinazoandikwa juu yake) peke yake, bali na urefu huo ukilinganishwa na upana wa sensa. Juu ya sensa ile ndogo, lenzi ya milimita 54 hivi hutoa mwonekano ambao kwenye fremu kamili ungehitaji lenzi ya milimita 300. Kwa hiyo anayetaka zumu ndefu iingie mfukoni hana njia nyingine ila kuipunguza sensa. Na si hilo tu, kwani tundu la lenzi nalo huzidi kubana kadiri zumu inavyosogea mbele. Tundu hupimwa kwa namba ya f, na namba ikikua tundu hupungua: kutoka f/2 hadi f/5.6, mwanga unaoingia hubaki sehemu moja kwa nane, hivyo yule anayevuta sura ya mtu aliye mbali wakati wa magharibi anakuwa amepunguziwa mwanga mara mbili, kwanza na sensa, kisha na tundu.

Kati ya sensa ya fremu kamili na ile ndogo zipo sensa za kati, na hapa panahitaji uangalifu kwa kuwa majina yake yanapotosha. Sensa inayoitwa ya inchi moja haina inchi moja popote: ni milimita 13.2 kwa 8.8, na jina lake limerithiwa kutoka kwa mirija ya kioo ya kamera za zamani za video, ambayo ilipimwa kwa kipenyo cha nje. Hata hivyo eneo lake ni karibu mara nne ya ile ndogo, nayo ndiyo iliyoingizwa na Sony mwaka 2012 katika kamera ya RX100, yenye gramu 240 pamoja na betri yake. Juu yake iko APS-C, yenye takribani milimita 23.5 kwa 15.6, ambayo Ricoh GR III huibeba katika mwili wa gramu 257. Ricoh hiyo haina zumu kabisa. Ina lenzi moja yenye mwonekano wa milimita 28, na kwa kukubali upungufu huo imepata sensa inayozidi ile ya zumu ndefu kwa takribani mara 13, mfukoni mulemule.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kile kipimo cha 36 kwa 24, ambacho leo tunakiona ni cha kamera kubwa, kilizaliwa katika kamera ndogo. Oskar Barnack, fundi wa Kijerumani ambaye afya yake haikumruhusu kubeba mitambo mizito ya vioo, alichukua filamu ya sinema akaitengenezea kamera ya kiganjani, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1925 kwa jina la Leica. Haja aliyokuwa nayo Barnack ndiyo hii tunayoizungumzia.

Binafsi nililielewa jambo hili kwenye mwalo wa Kibirizi, asubuhi moja ambapo akina mama walikuwa wakianika dagaa. Nilikuwa nimening'iniza kamera kubwa shingoni, na mama mmoja aliyekuwa ameinama akitandaza dagaa kwa viganja vyake alisimama ghafla, akapangusa mikono kwenye kitenge, akavuta mtandio usoni. "Mwanangu, hilo dude ni la televisheni?" aliniuliza. Nilimwamkia, nikamweleza, tukazungumza, lakini ile hali ya mtu aliyezama katika kazi yake haikurudi tena. Wiki iliyofuata nilikwenda na kamera ya mfukoni. Nilimwomba ruhusa, akasema "piga tu, mwanangu", akaendelea kutandaza. Katika picha ile magamba ya fedha yameganda hadi kwenye kifundo cha mkono wake, na hakuna lenzi niliyonayo ambayo ingenipatia picha hiyo nikiwa mita 20 kutoka kwake.

Kwa sababu hiyo naamini kwamba kamera ndogo haifai kuchaguliwa ili irudie kazi ya kubwa. Kazi ya kuvuta mbali tayari ina mwenyewe, nayo ni kamera kubwa: anayepanda mtumbwi hapohapo Kibirizi kwenda hifadhi ya Gombe kuwaona sokwe atabeba lenzi ndefu, kwani wanyama hao hawakaribiwi na flashi hairuhusiwi kabisa chini ya kivuli cha msitu ule. Kamera ndogo ibaki kwa yale yanayotokea karibu, kwa haraka na penye mwanga hafifu: wavuvi wakiwasha taa zao kabla ya kusukuma mitumbwi katika usiku usio na mbalamwezi, abiria wakiagana stesheni, au nikahi ndani ya sebule finyu ya Ujiji. Kwenye nikahi kamera hizi zina faida nyingine ambayo matangazo huisahau. Nyingi zina shata, yaani kile kipazia kinachofungua na kufunga njia ya mwanga, ndani ya lenzi yenyewe, ambayo hutoa mlio mdogo sana, kiasi kwamba shehe hageuki. Shata ya namna hiyo hukubali pia kwenda na flashi kwa kasi kubwa, jambo linalosaidia saa sita mchana pale ambapo ukingo wa kofia umetia giza machoni mwa bwana harusi.

Wapo watakaosema kwamba simu inatosha. Simu nzuri hupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, na kwa kitu kilichotulia matokeo huwa mazuri kweli. Mtoto anayecheza ngoma hatulii, na taa ya simu haina nguvu ya flashi halisi.

Kwa anayeishi juu ya maji, hesabu hubadilika. Mtu ambaye siku zake nyingi ziko kwenye boti za ziwa Tanganyika atafaidika zaidi na kamera isiyoingia maji, kama Olympus TG-6 inayovumilia kina cha mita 15, ingawa sensa yake ni ileile ndogo. Kamera iliyolowa na kufa ina sensa ya ukubwa wa sifuri.

Jambo la mwisho la kuzingatia ni vumbi, hasa kwa anayenunua iliyotumika. Kamera ya mfukoni hutoa lenzi nje inapowashwa na kuirudisha ndani inapozimwa, na katika mwendo huo huvuta hewa kama mivukuto ya mhunzi. Kwenye barabara zetu za udongo mwekundu hewa hiyo haiingii peke yake. Kwa kuwa lenzi haivuliwi, chembe ikishatua juu ya sensa huwezi kuipangusa mwenyewe. Ni lazima fundi aifungue kamera yote. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na doa la kijivu upande wa kulia wa kila anga, na muuzaji alikuwa amenionyesha picha za ndani tu, zilizopigwa tundu likiwa wazi, ambapo doa huyeyuka lisionekane. Nenda na kadi yako ya kumbukumbu. Bana tundu hadi mwisho, kwa kawaida f/8 au f/11, vuta zumu mpaka kikomo, kisha piga picha ya karatasi nyeupe. Baada ya hapo fungua tundu lote na umpige muuzaji mwenyewe akiwa amekaa kwenye kona yenye giza ya duka lake. Zitazame picha hizo mbili kwenye kompyuta, kando ya picha ya kamera yako kubwa, kabla ya kutoa pesa.