Boksi na Kadi Havithibitishi Omega Speedmaster

Malalamiko kuhusu saa za Uswisi yanazidi kutufikia, na karibu kila mlalamishi hutandaza kwanza boksi, kadi ya dhamana na lebo ya bei. Saa yenyewe huitoa mwisho. Tunaomba mpangilio huo ugeuzwe.

Speedmaster, saa ya kampuni ya Omega, ilitoka mwaka 1957 ikilenga mashindano ya magari, ndiyo maana pete inayozunguka kioo ina vipimo vya mwendo. Machi 1965 NASA, shirika la anga la Marekani, iliiidhinisha kwa safari za angani, na Julai 1969 mwanaanga Buzz Aldrin akaivaa mwezini. Mashine ya kwanza, kalibre (yaani aina ya mashine) 321, nafasi yake ilichukuliwa na 861 mwaka 1968. Ya sasa ni 3861. Zote hutiwa ufunguo kwa mkono. Zipo Speedmaster zinazojijaza zenyewe, lakini hiyo ya mwezini si mojawapo.

Ishike. Sekunde za kawaida hutembea kwenye kiduara cha kushoto. Mshale mrefu wa katikati hungoja kwenye 12 mpaka ubonyeze kitufe cha juu. Bonyeza tena usimame, kisha cha chini kiurudishe 12. Bandia nyingi huanguka hapo hapo. Kioo kikiwa cha plastiki, katikati kabisa kina alama ya Omega, ndogo kiasi kwamba bila lenzi ya fundi huioni.

Halafu fundi aliyeidhinishwa aifungue alinganishe mashine, namba, uso na mishale: je, ni vya kipindi kimoja? Novemba 2021, Speedmaster ya 1957 iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kuwa iliunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali. Mnunuzi alikuwa makumbusho ya Omega yenyewe. Sasa boksi lako litakuhakikishia nini?

Wengine hudhani muuzaji akisema wazi kuwa ni "kopi" amejinasua. Hapana, tumelieleza hili mara nyingi: kauli hiyo inaonyesha kuwa alijua. Chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya Kenya ya mwaka 2008, anayepatikana na hatia mara ya kwanza hufungwa hadi miaka 5, au hutozwa faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja, au vyote viwili. Faini huhesabiwa kwa kila saa, si kwa mzigo mzima. Akirudia, kifungo hufika miaka 15 na faini huanzia mara 5. Aliyeagiza kwa matumizi yake binafsi haguswi na kosa la uagizaji, ila akipita Uswisi, forodha wanaweza kuichukua hata hiyo moja na kuiharibu.

Ukija kulalamika, leta saa, risiti, ujumbe mlioandikiana na muuzaji, na uthibitisho wa malipo. Tafadhali usimpitishie kwanza fundi wa mtaani aifungue, kwa sababu muuzaji atadai mashine ilibadilishwa huko, nasi hatutakuwa na cha kumjibu.